Mgeni Siku Mbili: Mazungumzo na Wakulima wa Mafia juu ya Chakula cha Msaada

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya chakula cha msaada. Huenda mkashangaa kwamba bwana shamba ameacha habari za mbegu na jembe, anazungumza habari za magunia ya bure. Lakini jambo hili ni la shamba, na sababu yake mtaiona.

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua hapa hapa Mafia. Bahari ikichafuka namna ile, vyombo vya Nyamisati havivuki, na mtu asiye na kitu ghalani hubaki akitazama maji. Chakula cha Bara huja, lakini huja bahari ikikubali.

Msaada si kitu kipya katika nchi yetu. Mwaka 1974 ukame ulileta njaa, nafaka nyingi ikaagizwa ng'ambo. Lakini Serikali haikutegemea meli peke yake. Ilitangaza pia Kilimo cha Kufa na Kupona, kwa sababu meli huleta chakula cha leo, bali cha mwakani hutoka shambani.

Sasa fanya hesabu. Nyumba ya watu watano hula nafaka kiasi cha kilo 2 kwa siku. Gunia la kilo 50 litakwisha siku ya 25. Muhogo unaopandwa leo huchukua miezi 9 hadi 12. Basi ukila gunia lile huku umekaa, siku ya 26 njaa itakukuta pale pale ilipokuacha.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chakula cha msaada ni mgeni. Mpokee kwa shukrani, kisha mpe jembe. Mwenye njaa hufanya mambo matatu ya hasara: hung'oa muhogo mchanga, hula mbegu yake, na huweka rehani minazi yake. Mwenye unga nyumbani halazimiki kufanya hata moja. Hiyo ndiyo faida kubwa ya msaada, kupita kushiba kwenyewe. Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Pandeni mazao yanayopokezana. Udongo ukiwa bado na unyevu, panda kunde, viazi vitamu na muhogo. Majani ya kunde utayachuma baada ya wiki chache. Viazi utavichimba baada ya miezi mitatu hadi mitano. Muhogo utafuata. Hivyo gunia likiisha, mboga ipo. Na viazi vikiisha, muhogo umekaribia.

2. Chagueni mbegu ya muhogo kwa uangalifu. Usikate mbegu kwenye shina lenye batobato. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni mjanja zaidi: pengine shina ni zuri, kumbe mizizi imeoza ndani. Basi chimba kwanza, pasua muhogo, utazame. Ukiwa mweupe na mzima, kata vipande vya sentimeta 25 hadi 30. Panda kila kimoja mita moja mbali na mwenzake. Ekari moja itachukua kama vipande 4,000. Ukiipata mbegu ya Kiroba, ipande, maana huvumilia michirizi kuliko mbegu nyingi za zamani.

3. Kama chakula kinatolewa kwa kazi, Halmashauri ya Kijiji ichague kazi inayobaki. Kufagia njia ni kazi ya siku moja tu. Bora kukata na kuondoa magogo ya minazi iliyoanguka, kwa kuwa mdudu chonga huzaliana katika magogo yanayooza, kisha huruka kwenda kula minazi mizima. Bora pia kuanzisha kitalu cha miche ya minazi na shamba la mbegu ya muhogo la kijiji. Wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga wapewe fungu lao bila kudaiwa kazi.

4. Msipande mahindi ya msaada. Ni chakula, si mbegu. Hujui yalilimwa wapi, wala kama yatastahimili hali ya pwani.

5. Kagueni kila gunia. Mdudu dumuzi, ambaye wakulima wa Bara humwita Scania, asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora miaka ya mwanzo ya 1980, na wataalamu wengi huamini aliingia na mahindi ya kutoka nje. Yeye hula mahindi na makopa pia. Ukiona unga unamwagika na punje zina matundu, anika nafaka juani, pepeta, na uile kwanza. Usiiweke karibu na makopa yako kamwe.

Ndugu wakulima, kupokea msaada wakati wa shida si aibu. Hasara ni kuupokea mara ya pili kwa shida ile ile. Gunia likiingia nyumbani, tazama kalenda, hesabu siku zake, kisha chukua jembe asubuhi ile ile. Likiisha, likukute shamba lako limekwisha kuota.