Tumkumbuke Bibi Titi



Barabara ya Bibi Titi Mohamed tunaipita kila siku. Mwenyewe alizaliwa mjini humu mwaka 1926: Mwislamu, mama wa binti mmoja, mwimbaji wa maulidi na ngoma. Mwaka 1955 TANU ilipomkabidhi Sehemu ya Wanawake, hakuwangoja akina mama ofisini. Aliwafuata katika vikundi vyao vya ngoma, nao wakajiunga kwa maelfu. Watumishi wa serikali, tukumbuke, walikuwa wamekatazwa na mkoloni kuingia chamani. Basi mzigo ule waliubeba wasio na mshahara wa kupoteza.

Mwaka 1971 alihukumiwa kwa uhaini. Aliachiliwa mwaka 1972, akaishi kwa ukimya na subira hadi alipofariki mwaka 2000. Je, wanafunzi wetu wameambiwa hayo?