Kabla ya Kulipia Masomo ya Uuguzi: Miaka Miwili au Miaka Minne?



Kazi ya ofisi yetu ni kulinda haki za mlaji. Watu wakilisikia neno hilo hufikiria mizani ya duka, bili ya umeme, au gari bovu lililouzwa kwa maneno matamu. Lakini masomo nayo hununuliwa, na kwa familia nyingi zilizomo katika ukumbi huu ndiyo manunuzi makubwa kuliko yote watakayofanya kabla ya kununua nyumba. Tofauti ni kwamba gari bovu hujulikana siku ya tatu. Chuo kibovu huweza kukaa miaka mitatu kabla hakijajulikana.

Tumeombwa tuzungumze juu ya masomo ya uuguzi, na sababu yake tunaielewa. Wengi wenu mlipofika Marekani mlianza kazi katika nyumba za kutunzia wazee, mkiwa wasaidizi wa wauguzi. Zamu za usiku mnazijua. Mnajua kumgeuza mgonjwa bila ya kumwumiza, na kila siku mnamwona muuguzi mwenye leseni akipita na dawa zake, naye analipwa zaidi ya mara mbili ya mnacholipwa ninyi. Kwa takwimu za serikali za Mei 2024, mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa katika nchi hii ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka. Basi swali linalofika mezani kwetu ni hili: je, nisome shahada ya miaka miwili, ile iitwayo asosieti, katika chuo cha jamii, au niende chuo kikuu nikasome shahada ya kwanza ya miaka minne?

Jambo ambalo wengi hushangaa kulisikia ni kwamba leseni ni moja. Mhitimu wa miaka miwili na mhitimu wa miaka minne hufanya mtihani mmoja, NCLEX-RN, kwa ada ile ile ya dola 200, mbele ya kompyuta inayouliza maswali yasiyopungua 85 wala kuzidi 150. Akifaulu, kila mmoja wao huitwa muuguzi aliyesajiliwa.

Hali hiyo ina historia yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hospitali za Marekani zilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi, na Mildred Montag wa Chuo Kikuu cha Columbia akabuni masomo ya miaka miwili yatakayotolewa na vyuo vya jamii. Majaribio yalianza mwaka 1952. Yeye mwenyewe alikusudia kumwandaa mfanyakazi wa daraja la kati, aliye chini ya muuguzi kamili. Lakini wahitimu wale waliufanya mtihani wa muuguzi kamili, wakafaulu, na mabishano hayajaisha hata leo. Mwaka 1965 Chama cha Wauguzi cha Marekani kilitamka kwamba shahada ya kwanza iwe ndiyo kiwango cha chini cha kuingilia taaluma. Jimbo la North Dakota lililifanya jambo hilo kuwa sharti mwaka 1987, kisha likaliacha mwaka 2003. Tunayaeleza haya kwa sababu wapo mawakala wa vyuo wanaowatisha watu kwa kusema kwamba shahada ya miaka miwili iko mbioni kufutwa, kwa hiyo jiandikishe leo. Maneno hayo yana umri wa zaidi ya miaka sitini.

Tuje kwenye fedha. Katika mwaka wa masomo 2024–25, wastani wa ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo lake ulikuwa dola 4,050 kwa mwaka. Chuo kikuu cha umma, kwa mkazi wa jimbo, kilitoza wastani wa dola 11,610. Chuo kikuu binafsi kisichofanya biashara kilipita dola 43,000. Katika mwaka huo huo ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo hairudishwi, ilifikia hadi dola 7,395 kwa mwanafunzi mwenye kipato kidogo. Mwenye kustahili kiasi chote hicho anaweza kumaliza chuo cha jamii bila ya kukopa hata senti moja ya ada. Ruzuku hiyo huombwa kwa fomu ya FAFSA, na fomu hiyo hujazwa bure. Anayekutoza fedha ili akujazie, mwambie asante, uondoke.

Hata hivyo, hiyo miaka miwili inayoandikwa kwenye matangazo si miwili. Kabla ya kuingia darasa la uuguzi lenyewe, mwanafunzi hutakiwa kupita masomo ya utangulizi: anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, mara nyingi takwimu, na uandishi wa Kiingereza. Mtu anayefanya kazi zamu tano kwa wiki huyamaliza kwa mwaka mmoja, pengine mwaka na nusu. Kisha kuna ushindani wa nafasi, na katika vyuo vingine orodha ya kungojea. Vyuo kadhaa havipokei somo la sayansi lililosomwa zaidi ya miaka mitano au saba iliyopita, kwa hiyo aliyesoma anatomia zamani akapumzika huenda akairudia. Ukijumlisha yote, safari ya miaka miwili huchukua mitatu na kitu, hata minne. Shahada ya miaka minne, kwa upande wake, imekwisha kuyahesabu masomo hayo ya utangulizi ndani yake. Kwa hiyo tofauti halisi ya muda mara nyingi ni mwaka mmoja tu.

Ndiyo maana jibu letu halifanani kwa kila mtu. Kijana wa miaka kumi na minane aliyemaliza sekondari hapa hapa, anayeishi kwa wazazi wake na aliyepata nafasi na msaada wa ada katika chuo kikuu cha umma, tunamshauri aende akasome miaka minne. Hana sababu ya kupita njia ya mkato isiyo fupi. Mama wa watoto watatu anayelipa kodi ya nyumba na kutuma fedha nyumbani kila mwezi, huyo tunamwambia bila ya kusitasita aanze na chuo cha jamii. Apate leseni, apate mshahara wa muuguzi, kisha amalizie shahada ya kwanza akiwa kazini. Zipo programu za wauguzi wenye leseni zinazofundishwa kwa mtandao, na aliyejikaza huimaliza kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu. Waajiri wengi huchangia ada hiyo, na sheria ya kodi inawaruhusu kumlipia mfanyakazi hadi dola 5,250 kwa mwaka bila ya fedha hizo kukatwa kodi.

Je, ana haja ya kuimalizia? Hapo inategemea anataka kufanya kazi wapi. Mwaka 2003 mtafiti Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali za Pennsylvania, ulioonyesha kwamba palipokuwa na wauguzi wengi zaidi wenye shahada ya kwanza, vifo vya wagonjwa wa upasuaji vilikuwa vichache. Mwaka 2010 taasisi ya kitaifa ya tiba ilipendekeza kwamba wauguzi 80 katika kila 100 wawe na shahada hiyo ifikapo 2020. Lengo hilo halikufikiwa kwa wakati, lakini hospitali kubwa za mijini zililisikia. New York ilitunga sheria mwezi Desemba 2017 inayowataka wauguzi wapya kupata shahada ya kwanza ndani ya miaka kumi tangu kupewa leseni. Jeshi huitaka kwa maofisa wake wauguzi, na hakuna njia rahisi ya kufikia shahada ya uzamili pasipo kuipitia. Katika nyumba za wazee, na katika miji midogo, huenda hakuna atakayekuuliza. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua chuo, soma matangazo ya kazi ya hospitali tatu unazoweza kuzifikia kwa basi au kwa gari lako. Yatakueleza zaidi ya kijitabu chochote, na hiki chetu kikiwemo.

Sasa tuseme lile lililotuleta hasa. Katika miaka tuliyofanya kazi hii hatujampokea mtu aliyeharibikiwa kwa sababu alichagua miaka miwili badala ya minne, au minne badala ya miwili. Tunaowapokea ni waliochagua chuo kisichofaa.

Mama mmoja, msemaji wa Kiswahili kama ninyi, alifika kwetu na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Alikuwa amejiandikisha katika chuo cha kibiashara kilichomwahidi shahada ya uuguzi bila ya orodha ya kungojea, masomo ya jioni, na kuanza Jumatatu ijayo. Tuliutazama mkataba wake: ulisainiwa siku ile ile aliyoingia kuuliza bei. Wakala alimwambia kwa mdomo kwamba masomo yake yatapokewa na chuo kikuu chochote. Ukurasa wa kumi na moja wa mkataba, kwa herufi ndogo, ulisema kinyume chake. Wanafunzi wa chuo kile walikuwa wakianguka mtihani wa leseni mwaka baada ya mwaka, na muhula mmoja kabla hajamaliza, Baraza la Uuguzi liliiondolea programu hiyo kibali. Bila ya kibali hakuna mtihani. Bila ya mtihani hakuna leseni. Chuo cha jamii kilichokuwa mtaa wa pili kilikataa kuyapokea masomo yake yote isipokuwa mawili. Tuliandika barua, tukadai, tukarejeshewa sehemu ndogo ya fedha. Deni lilibaki. Na kuna hasara nyingine ambayo hakuijua mpaka tulipomweleza: ruzuku ya Pell ina kikomo cha mihula kumi na miwili katika maisha ya mtu, naye mihula mitano ilikuwa imekwenda na upepo.

Leo anasoma anatomia kwa mara ya pili. Tumepata ruhusa yake kulieleza hili, kwa sharti kwamba tuwaambie kuwa habari zote alizozihitaji zilikuwa wazi mtandaoni siku ile aliyosaini, wala hakuna aliyemwambia pa kuzitazama.

Pa kuzitazama ni kwenye tovuti ya Baraza la Uuguzi la jimbo. Kuna orodha ya programu zilizoidhinishwa, na zile zilizo chini ya onyo huandikwa hivyo. Kuna pia asilimia ya wanafunzi wa kila chuo waliofaulu NCLEX-RN mara ya kwanza. Itazame kwa miaka mitatu au minne, maana mwaka mmoja mzuri haushuhudii kitu. Lakini msiishie hapo. Chuo chenye hila huweza kuwazuia wanafunzi dhaifu wasifike kwenye mtihani, na asilimia yake ikang'aa. Kwa hiyo ulizeni: kati ya kila mia walioanza, wangapi walimaliza? Afisa wa chuo anayebabaika mbele ya swali hilo amekwisha kulijibu.

Kibali cha Baraza ni jambo moja na ithibati ni jingine, na wengi huzichanganya. Kibali kinakuruhusu kufanya mtihani. Ithibati, inayotolewa na vyombo kama ACEN, CCNE au CNEA, ndiyo inayovifanya vyuo vikuu na baadhi ya waajiri kuitambua shahada yako. Anayechagua miaka miwili kwa nia ya kuendelea baadaye na asipoulizia ithibati, ananunua daraja lenye upande mmoja. Na mkiambiwa kwamba masomo yatahamishika, ombeni kuuona mkataba baina ya vyuo hivyo viwili, ukiwa na jina la chuo kitakachowapokea.

Kuhusu njia za haraka mno hatutasema mengi. Mwezi Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika uchunguzi ulioitwa Operation Nightingale. Vyeti bandia zaidi ya 7,600 vilikuwa vimetolewa kwa majina ya vyuo vitatu vya Florida, na wanunuzi walilipa kati ya dola 10,000 na 15,000 kila mmoja. Wapatao 2,400 kati yao walifaulu mtihani wa leseni, kisha majimbo yakaanza kuwafutia. Mtu yeyote akikuambia kwamba waweza kuwa muuguzi aliyesajiliwa kwa kusoma mtandaoni peke yake, bila ya kugusa mgonjwa hospitalini, ujue anakuuzia karatasi.

Neno moja kwa wale waliokuwa wauguzi kamili Kongo, Kenya, Burundi au Tanzania kabla ya kuja huku, ambao leo wanafanya kazi ya usaidizi. Msikimbilie kujiandikisha upya. Kwanza vyeti vyenu vitathminiwe na chombo kinachotambuliwa na Baraza, kama TruMerit, kilichokuwa kikiitwa CGFNS. Huenda mkatakiwa kuongeza somo moja au mawili, au mtihani wa Kiingereza, kisha mkaruhusiwa kufanya NCLEX-RN moja kwa moja. Kazi hiyo ni ya polepole, hasa pale chuo cha nyumbani kinapochelewa kutuma rekodi, na pale zinapohitaji kutafsiriwa kutoka Kifaransa. Lakini ni nafuu kuliko kulipia tena elimu mliyokwisha kuipata.

Kwenye meza ile ya nyuma wapo wenzetu wawili wenye kompyuta. Wako tayari kukutazamia jina la chuo chako kwenye orodha ya Baraza sasa hivi. Mwenye mkataba mkononi ambao hajausaini, tunamwomba awe wa kwanza kuja. Aliyekwisha kuusaini wiki hii naye asione haya, kwani mikataba mingine huwa na siku chache za kujitoa, nasi tutaitafuta sehemu hiyo pamoja naye. Sasa tunakaribisha maswali.