Kunde za Nyanya na Kifungo cha Miaka Miwili

1/ Wadau, Ijumaa nilipewa dakika kumi kwenye kikao cha wanafunzi nizungumzie mbegu. Baadhi yenu mliniomba maandishi, ndiyo haya. Masharti yetu ni yale yale: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Hoja tu.

2/ Nianzie nyumbani. Nyanya yangu (mama mzaa baba, si ile ya kachumbari) yuko Vihiga, na amepanda kunde zile zile tangu aolewe. Kila msimu, kabla hatujaanza kuchuma mboga, yeye hupita shambani na vipande vya kitambaa, anafunga mmea huu na ule. "Hii usiguse." Anachagua uliobaki kijani mvua ilipokatika, ambao wadudu hawakuupenda, na unaochelewa kutoa maua, maana huo utachumwa majani kwa wiki nyingi. Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa kuboresha mbegu, sema tu yeye hana koti jeupe.

3/ Nikiwa kidato cha tatu akaugua. Misimu miwili hakuna aliyepanda. Aliporudi kutoka hospitali na kufungua mkebe wake, fukusi walikuwa wamemaliza. Vumbi tupu. Miaka yote ile ya kuchagua, imeisha hivyo. Wiki iliyofuata jirani akaja na kikombe cha kunde: "Mama, si hizi ulinipa mwaka ule?" Zilikuwa zenyewe.

4/ Sasa sikieni. Tuna Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ya mwaka 1972. Ilifanyiwa marekebisho 2012. Chini ya sheria hiyo, kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa kuliweza kukupeleka jela hadi miaka 2, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Yaani kile kikombe cha jirani, kilichookoa kunde zetu, kingeweza kuitwa kosa.

5/ Na Katiba je? Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili, sifa zake, na matumizi yake na jamii za Kenya. Miaka miwili baadaye ndiyo yakaja yale marekebisho. Mnaona mgongano uko wapi.

6/ Mwaka 2022 wakulima wadogo wakaenda Mahakama Kuu, Machakos. Novemba 2025 mahakama ikaamua kwamba vipengele vilivyowabana wakulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu vinakiuka Katiba. Ni ushindi mkubwa, lakini msifunge mjadala. Uamuzi wa Mahakama Kuu unaweza kukatiwa rufaa, na Bunge linaweza kuandika sheria upya. Ndiyo maana suala hili litarudi majukwaani.

7/ Hebu tuwe waungwana na upande wa pili. Mbegu feki zipo, na mkulima aliyenunua pakiti isiyoota amepoteza msimu mzima. Magonjwa pia husafiri na mbegu: muulize mkulima wa viazi kuhusu mnyauko wa bakteria. Na anayetumia miaka kuzalisha aina mpya anastahili kulipwa. Hoja hizo ni za kweli. Swali ni kama dawa ya muuzaji feki ni kumtisha jirani mwenye kikombe.

8/ Mahali pengine tunapochanganyikiwa ni hapa. Mtu akisema "kienyeji", mwingine anajibu "GMO". Mbegu ya haibridi si GMO. Haibridi ni mimea miwili tofauti imezalishwa pamoja, basi. Inaweza kuzaa vizuri sana, ila ukihifadhi mbegu yake, watoto hawatafanana na mama. Kwa hiyo unarudi dukani kila msimu. Hilo ni suala la pesa na uhuru wa kuchagua, si la sumu.

9/ Kunde hujichavusha zenyewe, kwa hiyo hubaki karibu vile vile. Malenge hutegemea nyuki, kwa hiyo malenge yako na ya jirani huchanganyika. Watu huita hiyo kasoro. Lakini kwa mkulima anayechagua, mchanganyiko ndio mtaji: jua likizidi, lazima kuwe na mmea wa kuchagua. Shamba lenye mimea ya aina moja tu likishindwa, limeshindwa lote.

10/ "Si tuna benki ya mbegu ya taifa?" Tunayo, iko Muguga, na kazi yake ni muhimu. Lakini mbegu iliyo kwenye jokofu haijifunzi mvua ya mwaka huu. Ile iliyo shambani inajifunza kila msimu. Tunazihitaji zote mbili.

11/ Kwa hivyo mgombea yeyote akipanda jukwaani na kusema "tutamjali mkulima", muulizeni haya matatu. Moja, je, sheria yako itatofautisha biashara kubwa ya mbegu na kubadilishana kwa majirani? Mbili, sheria inayodaiwa na Kifungu cha 11 iko wapi? Tatu, managu, saga, mrenda na kunde zitapata pesa za utafiti, au ni mahindi tu? Akijibu "tunaliangalia hilo", mjue hajaliangalia.

12/ Nimalizie. Likizo iliyopita nyanya alinipa kikombe cha kunde, akaniambia nikigawe kwa watu watatu. Nikamuuliza mbona watatu. "Mmoja atasahau kupanda, mmoja atapika." Hakucheka. Yeye anajua mkebe mtupu unafananaje.

Nimeshampa shangazi. Nafasi mbili zimebaki. Karibuni kwenye majibu, bila matusi.