Mteja Anaposema "Nahisi Nina Usonji": Dakika za Kwanza za Mnasihi



Wengi wetu wanasihi tulifundishwa usonji kama jambo la watoto: mtoto asiyeongea, anayepanga vizibo vya soda mstari mmoja kutwa nzima, ambaye mama yake ameshazunguka naye hospitali hadi kwa waganga. Ndiyo maana mtu mzima mwenye kazi na familia akituambia "nahisi nina usonji", neno linalotutoka ni: "Wewe? Mbona unaongea vizuri tu!" Tunadhani tunamtuliza. Kumbe tumemfunga mdomo. Ataendelea kuja kuzungumzia ndoa au usingizi, lakini hilo hatalitaja tena.

Daktari Leo Kanner alipoandika kuhusu watoto 11 wenye usonji huko Marekani mwaka 1943, na daktari Hans Asperger akaandika kuhusu wengine huko Vienna mwaka uliofuata, walikuwa wakieleza watoto, na watoto hukua. Mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 unasema dalili lazima ziwe zimeanza utotoni, ila huenda zisionekane wazi mpaka mambo ya kijamii yamzidi mtu, au zikafichwa na mbinu alizojifunza ukubwani. Kabla ya toleo hilo, miongozo haikuruhusu hata mtu mmoja kupewa utambuzi wa usonji pamoja na ule wa upungufu wa umakini. Basi aliyesoma shule miaka ya tisini alipewa majina mengine: mkimya, mjeuri, ana maringo.

Mbinu hizo za kuficha dalili ndizo zinazotupiga chenga. Chukueni mfano niliouunda mwenyewe: dada anayefanya kazi kaunta ya benki. Salamu zetu ndefu hazimsumbui hata kidogo, kwa sababu zina utaratibu: shikamoo ina jibu lake, habari za nyumbani ina jibu lake. Taabu huanza salamu zinapoisha. Akipita mahali watu wanakula akaambiwa "karibu", hajui kama amealikwa kweli au ni adabu tu, na aliwahi kuvuta kiti watu wakatazamana. Utani wa wenzake huucheka baada ya kuona wengine wamecheka. Jioni akifika nyumbani huzima taa, hufunga mlango, na haongei na mtu mpaka usiku. Nani angemshuku kaunta?

Kwa hiyo swali la kwanza liwe dogo: "Umeona nini kwako kilichokufanya ufikirie hivyo?" Kisha nyamaza. Wengi huja na orodha kwenye simu au kwenye daftari, kwa kuwa wakikutazama usoni maneno hupotea. Mwache aisome. Usiichukulie kuwa dalili ya mtu aliyejaza kichwa kwa video za mitandaoni. Hata kama alianzia huko, mambo aliyoyaandika ni ya maisha yake.

Madodoso yapo, ila yatumieni kwa tahadhari. Linalojulikana zaidi kwa watu wazima lilitoka Cambridge mwaka 2001, lina kauli 50, na mojawapo humtaka mtu achague kati ya jumba la maigizo na makumbusho. Mtu aliyekulia kijijini huko Tandahimba anachagua nini hapo? Kumtazama mtu machoni nako hakutoshi kuwa kipimo, maana kijana aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa. Ulizeni badala yake kuhusu sauti, harufu na nguo zinazomkera. Kuhusu ratiba inapovurugika ghafla. Kuhusu jambo analoweza kulizungumzia saa nzima bila kuchoka.

Kosa la upande wa pili ni kukubali papo hapo. Hofu ya kukaa na watu, kiwewe cha utotoni na sonona vinaweza kufanana na usonji, na pia vinaweza kuwa pamoja nao. Mnasihi hatoi utambuzi. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba. Katika barua ya rufaa andikeni mlichokiona na alichosema, bila kuweka jina la hali. Mtaalamu atahitaji habari za utotoni, basi mkubaliane mapema ni nani wa kuulizwa. Asiyetaka mumewe ajue huenda akaridhia aulizwe shangazi aliyemlea.

Foleni ya rufaa inaweza kuwa ndefu na nauli ikawa tatizo. Hayo hayazuii kuanza kumsaidia mteja. Feni inayolia ofisini izimwe, maswali ya kikao kijacho yatumwe kwa ujumbe siku moja kabla, na kikao kikiahirishwa mteja aambiwe mapema na apewe saa mpya hapo hapo, asiachiwe "tutawasiliana".