Haki ya Nyumba Iliyoachwa

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, na nyote mnaotusikiliza, ndugu zetu wa Nyangoto, wilayani Tarime, wametuuliza swali. Kandokando ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kazi mwaka 2002, zimesimama nyumba zisizo na mtu. Je, yafaa kuzigeuza darasa la watoto, zahanati au mahali pa kuswalia?

Sira inatusimulia kuwa kiwanja alichojengea Mtume (s.a.w.) msikiti wake Madina kilikuwa na mitende, makaburi ya kale na magofu. Kilikuwa mali ya mayatima wawili wa Bani Najjar, Sahl na Suhayl. Wenyewe walitaka kukitoa bure, naye hakukubali ila akinunue. Kisha magofu yakasawazishwa, mitende ikakatwa, na magogo yake yakapangwa upande wa kibla. Basi tazameni: gofu halikumzuia kujenga, wala ugofu wake haukuondoa haki ya yatima.

Na katika nchi yetu jambo hili si geni. Waingereza walianzisha mpango wa karanga Kongwa mwaka 1947, wakashindwa, wakauacha mwaka 1951. Kuanzia mwaka 1964 mahali palepale pakawa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, na baadaye wa Namibia, Afrika ya Kusini na kwingineko. Mazimbu, karibu na Morogoro, lilikuwa shamba la mkonge lililotelekezwa. Mwaka 1977 Serikali iliwapa ardhi hiyo wakimbizi wa Afrika ya Kusini wa chama cha ANC, ambao wengi wao walikuwa vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976. Walianzia katika nyumba za zamani za shamba, wakazikarabati, kisha wakajenga shule kubwa iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Mwaka 1992 wakairudisha kwa Watanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Waliingia kwa idhini ya mwenye ardhi, na walipoondoka waliikabidhi kwa heshima.

Sasa turudi Nyangoto, kwani huko kuna jambo ambalo Mazimbu halikuwako. Sehemu ya nyumba hizo ni zile ziitwazo tegesha. Neno hilo ni la ukoo mmoja na mtego, na wenyeji hawakulichagua kwa bahati. Ni nyumba zilizoinuliwa upesi upesi ili zihesabiwe siku ya fidia, si ili mtu alale humo. Hatutaki kumhukumu kila aliyejenga. Aliyeona ardhi ya babu yake inakwenda ana uchungu wake. Lakini ukuta haujui uchungu wa mtu. Nyumba isiyokusudiwa kukaliwa mara nyingi haikuchimbiwa msingi wa kutosha, na kuwaweka watoto arobaini chini ya paa lake ni kuwahatarisha. Hata Beit el Ajaib ya Unguja, jumba la kifalme lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa.

Kwa hiyo fundi aitwe kwanza, apime msingi na kuta. Akisema haufai, asibembelezwe. Matofali, mbao na mabati vinaweza kuhamishiwa mahali imara, kama yale magogo ya mitende, maadamu mwenyewe ameridhia.

Na mwenyewe ni nani? Aliyekwisha kupokea fidia ameiuza haki yake. Kurudi usiku kung'oa mabati ni wizi, hata kama aliyapigilia kwa mkono wake. Hapo idhini itaombwa kwa aliyelipa. Ikiwa fidia haijalipwa, nyumba ingali ya mjenzi, au ya warithi wake. Na asipojulikana mwenyewe, liendeeni shauri kwa halmashauri ya kijiji, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji. Msivunje kufuli kwa kisingizio cha kheri.

Tena andikeni. Atakayetoa nyumba kuwa wakfu atamke mbele ya mashahidi, na warithi wake wawepo. Atakayeiazima aseme ni miaka mingapi, na nani atalipa matengenezo. Tumeyaona haya zaidi ya mara moja: gofu halina jamaa, lakini siku mabati mapya yanapong'aa, warithi hutokea pande zote.

Ndugu zetu wa Nyangoto, baada ya sala wazee wakae pamoja na mafundi, waanze na nyumba moja tu, ile ambayo mwenyewe anajulikana na yuko hai.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu maghufira, sisi na nyinyi.