Mpira na Mfuko wa Chama: Hotuba Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imeniagiza niseme mbele yenu juu ya fedha za timu yetu ya mpira. Mimi si msemaji, wala si mchezaji. Hata nilipokuwa katika shule ya misheni, kazi yangu uwanjani ilikuwa kuokota mpira uliokwenda vichakani. Mimi ni karani. Daftari la timu nalitunza tangu miaka minne iliyopita, na leo nimekuja nalo. Limo jambo ndani yake linalonitia haya, nami nitalisema kabla sijaketi, maana mkutano mkuu ndio mahali pa kusema kweli.

Haja iliyo mbele yetu ni hii. Msimu huu timu yetu imeshindwa mara mbili kwenda kucheza ugenini. Mara zote mbili vijana walifika kituoni alfajiri, wakakaa juu ya mifuko yao hadi jua likapanda. Mwenye gari alitaka nusu ya malipo kwanza, na nusu hiyo haikuwako. Wapinzani wetu wakapewa ushindi wa bure. Kanuni ya ligi ni kwamba timu ikikosa mara ya tatu, huondolewa. Imebaki safari moja ya ugenini, na mfuko wa timu ni mtupu.

Najua wako wanaosema kwamba jambo hili si la chama. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alinisimamisha njiani akaniuliza, "Wewe karani, huo mpira umemzika nani?" Swali lake ni la haki. Chama hiki kiliundwa ili mtu wa kwetu akifa mbali na nyumbani arudishwe kwa wazazi wake, na mtoto wa mjane asifukuzwe shuleni kwa kukosa karo. Fedha hiyo ni amana. Basi nasema tangu mwanzo, ili mioyo itulie: sikuja kuomba hata senti moja ya mfuko wa mazishi.

Lakini na tukumbuke mpira ulivyoingia katika vyama kama hiki. Ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1963, bingwa wake wa kwanza alikuwa Nakuru All-Stars, timu ya mji wetu huu. Mwaka uliofuata bingwa akawa Luo Union, na mwaka huohuo wa 1964 timu kadhaa za Waluhya ziliungana zikawa Abaluhya. Mwaka 1968 ikazaliwa Gor Mahia. Timu hizo hazikuletwa na tajiri mmoja. Ziliota katika jumuiya za watu waliokuja mjini kutafuta kazi, wakakutana Jumapili kama tukutanavyo sisi, wakachanga kwa ajili ya mgonjwa, kwa ajili ya msiba, na kwa ajili ya mpira.

Hata hivyo, jina kubwa halilishi timu. Luo Union ilikuwa bingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976, na tena mwaka 1977. Mwaka 1980 serikali ilipokataza majina ya kikabila, ikaitwa Reunion. Na baadaye Reunion hiyo ikateremka hadi ligi za chini, huko tuliko sisi. Abaluhya nayo, iliyogeuka jina ikawa AFC Leopards, ilishuka daraja mwaka 2006, isirudi Ligi Kuu hadi mwaka 2009. Waliokuwa juu wakiweza kuanguka hivyo, sisi tulio chini hatuna sababu ya kujiona salama.

Wengi wetu hufikiri dawa ni moja tu, yaani kumpata mfadhili. Na tutazame yaliyowapata wenye wafadhili. Timu ya SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa na kiwanda kizima nyuma yake, na mwaka 2006 ilikuwa bingwa wa Kenya. Kiwanda kilipopatwa na shida ya fedha, timu ikapata njaa. Katika msimu wa 2019–2020 ilishindwa kufika katika mechi tatu, ikaondolewa katika Ligi Kuu. Mwaka huohuo wa 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikifadhili ligi nzima pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, iliacha ufadhili wake baada ya kunyimwa leseni katika mgogoro wake na serikali juu ya kodi. Klabu zilizolala zikiwa na mishahara ziliamka zikiwa na madeni. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, walisema wahenga, na mtegemea mfadhili mmoja yumo humo humo.

Wala tusidhani kwamba hii ni shida ya nchi maskini tu. Katika nchi ya Uingereza ilikuwako klabu iitwayo Bury, iliyoanzishwa mwaka 1885, ikatwaa Kombe la FA mwaka 1900 na tena mwaka 1903. Mnamo Desemba 2018 mtu mmoja aliinunua kwa pauni moja pamoja na madeni yake. Mwezi Agosti 2019 ilifukuzwa katika ligi, kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuthibitisha kwamba ana fedha za kuiendesha. Watu wa mji ule walilia, kisha wakafuta machozi, wakaunda timu nyingine wakaianzisha katika daraja la chini kabisa la mashindano waliyokubaliwa. Mwaka 2022 uwanja wa zamani wa klabu ukanunuliwa tena kwa juhudi za washabiki, na mwaka 2023 pande mbili zilizokuwa zimegawanyika zikawa kitu kimoja. Klabu iliyopotea mikononi mwa mtu mmoja iliokolewa na watu wengi.

Sasa nirudi kwetu, nieleze fedha ya timu ndogo huliwa na nini. Mtu aliye kando ya uwanja huona wachezaji kumi na mmoja na mpira mmoja, akadhani ni mchezo usio na gharama. Lakini kabla ya filimbi ya kwanza, timu imelipa ada ya kuandikishwa ligini na kadi za wachezaji. Ikicheza nyumbani, kuna waamuzi wa kulipwa, ambulensi, kodi ya uwanja, chokaa ya mistari, na nyavu zilizoraruka. Ikicheza ugenini, kuna gari, chakula cha njiani, na pengine mahali pa kulala. Bado hatujataja jezi, viatu, na kijana aliyevunjika mguu anayesubiri katika hospitali.

Na mapato je? Uwanja wetu hauna ua. Atakaye kutazama hutazama, na atakaye kwenda zake huenda, bila kumlipa mtu. Kwa hiyo timu yetu huishi kwa harambee ya ghafla: siku mbili kabla ya mechi, nahodha hupiga simu kwa huyu na yule. Fedha hutumwa kwa M-Pesa kwenye simu ya kocha, au ya nahodha, au yangu. Siwashuki wenzangu, lakini niulizeni, "Mwezi wa tatu tulichanga kiasi gani?" Sitaweza kuwajibu, kwa sababu fedha ilipita katika simu tatu, na hakuna hata moja kati yake iliyo ya timu. Mtu aliyetoa mara mbili asipewe hesabu, mara ya tatu simu yake haipatikani. Ndugu zangu, fedha yetu kwanza ilipungukiwa na imani, kisha ndipo ikapungua yenyewe.

Hapo ndipo nilipofika penye haya yangu. Katika miaka yangu ya kwanza ya ukarani tulikuwa na kijana hodari sana wa kiungo. Alianza kutuchezea akiwa mtoto, akaondoka kwenda klabu kubwa, na kutoka huko akavuka bahari akapata mkataba wa kulipwa. Tulifurahi, tukachinja mbuzi. Hatukujua kwamba ziko kanuni za FIFA zinazoipa haki timu iliyomlea mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya malezi, anapotia sahihi mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine. Ya pili ni mchango wa mshikamano, ambao ni asilimia tano ya bei yake kila auzwapo kati ya nchi na nchi, na hugawanywa kwa timu zote zilizomlea tangu mwaka wa umri wake wa 12 hadi wa 23. Kila mwaka kuanzia wa 12 hadi wa 15 hupewa robo ya asilimia moja. Kila mwaka kuanzia wa 16 hadi wa 23 hupewa nusu ya asilimia moja.

Yaweza kuonekana kuwa robo ya asilimia ni makombo. Na tufanye hesabu. Mwaka 2013 Victor Wanyama wa Kenya alitoka Celtic ya Scotland akaenda Southampton ya Uingereza, kwa bei iliyotangazwa kuwa pauni milioni 12.5. Robo ya asilimia moja ya fedha hiyo ni pauni 31,250. Hiyo ndiyo thamani ya mwaka mmoja tu wa kumlea mtoto wa miaka 13. Sisemi kwamba kijana wetu atauzwa kwa bei hiyo. Nasema kwamba hata sehemu ya mia ya kiasi hicho ingetupeleka ugenini na kuturudisha.

Lakini haki hiyo haitolewi kwa mwenye kumbukumbu moyoni. Hutolewa kwa mwenye maandishi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi mjini Paris inayofanya hesabu hizo na kulipa, nayo hutazama orodha za wachezaji walioandikishwa rasmi katika chama cha mpira cha nchi yao. Nilipofungua daftari letu kutafuta jina la kijana yule, nilikuta jina lake la utani na nambari ya jezi yake. Tarehe ya kuzaliwa haikuwamo. Tarehe ya kuja kwetu haikuwamo. Tulikuwa tumemchezesha misimu mitatu bila kumwandikisha, na kosa lilikuwa langu, kwa maana kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nilifundishwa nikiwa mtoto, nikaja kuielewa nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naweka mbele ya mkutano maombi manne.

La kwanza: timu iwe na akaunti yake yenyewe, na nambari yake yenyewe ya kupokea michango. Fedha isitoke bila sahihi za watu wawili, mmoja wao akiwa mzee aliyechaguliwa na mkutano huu. Hesabu ya kila mwezi ibandikwe ukutani, hata mwezi ambao hatukupata kitu.

La pili: kila mwanachama apendaye atoe ada ndogo ya mpira kila mwezi, mbali kabisa na mchango wa mazishi. Shilingi chache za watu wengi, zinazokuja kila mwezi, zina nguvu kuliko maelfu ya bwana mmoja yanayokuja wakati wa uchaguzi. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu: kila kijana aandikishwe rasmi siku ya kuja kwake, pamoja na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, na idhini ya mzazi ikiwa hajatimiza miaka 18. Kazi hii naomba niachiwe mimi, nipate kulipa deni langu.

La nne: tusiwaahidi vijana marupurupu tusiyoweza kulipa, wala tusikimbilie kupanda daraja. Kupanda daraja ni kupanda gharama: safari huwa ndefu zaidi, na mahitaji ya uwanja huzidi. Ni afadhali tukae pale tunapoweza kulipia gari kuliko kupanda mwaka mmoja na kufa mwaka wa pili.

Na juu ya safari hii iliyobaki, sitaki tuondoke hapa na harambee nyingine isiyo na hesabu. Ninayo karatasi mezani. Atakayetoa aandike jina lake na kiasi chake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, na Bwana Mweka Hazina apokee. Nauli ikizidi, kitakachobaki kiwe fedha ya kwanza katika akaunti mpya. Isipotimia, nitamrudishia kila mtu fedha yake kwa jina, na timu ife tukiwa tunajua ni kwa nini imekufa.

Namalizia kwa swali la mzee wangu. Ni kweli kwamba mpira haujamzika mtu. Lakini mwaka jana, mvua iliponyesha usiku kucha kabla ya mazishi ya mama yetu mmoja, gari la maiti lilikwama katika matope kilomita mbili kabla ya kufika boma lake. Wazee walisimama kando na miavuli. Waliovua viatu wakalisukuma, kisha wakabeba jeneza mabegani, ni vijana ambao ninyi nyote mnawajua, kwa kuwa mmewaona Jumamosi wakikimbia katika jezi zetu. Walikuja pamoja kwa sababu wamezoea kuwa pamoja. Tukiiacha timu itawanyike, hatujui tutawapata wapi siku nyingine.

Nimesema niliyotumwa kusema, na moja ambalo sikutumwa. Karatasi ni hii, na kalamu ni hii.