Uzito, Ujazo na Maji ya Port Bell: Mhadhara wa Umma kuhusu Msongamano wa Maada

Kiswahili kimelibebesha neno "zito" mzigo mkubwa kuliko linavyoweza kuchukua. Uji husemwa kuwa mzito kwa sababu haumiminiki upesi kutoka kwenye kata. Gunia la mahindi ni zito kwa sababu hupinda mgongo wa mchukuzi. Na mafuta ya kupikia, ambayo vidole vikiyagusa huyaona mazito kuliko maji, yakimwagwa ndani ya maji hayo hayo hupanda juu na kutulia huko. Katika mifano hiyo zimejificha sifa tatu tofauti: mnato, yaani ukaidi wa kimiminika kutiririka, uzito wenyewe, yaani nguvu ambayo dunia hukivutia kitu kwake, na msongamano, ambao vitabu vya shule huuita pia densiti, yaani kiasi cha maada kilichomo katika nafasi ya ukubwa fulani. Mafuta yana mnato mkubwa na msongamano mdogo. Mazungumzo ya kila siku hayana haja ya kuyatenganisha mambo hayo, lakini fizikia haipigi hatua bila kuyatenganisha. Mwanafunzi anayesema kwamba chuma huzama kwa kuwa ni kizito hajakosea Kiswahili. Amekosea fizikia, na meli yoyote iliyotia nanga Port Bell, bandari ya Ziwa Victoria, inatosha kumsahihisha.

Msongamano hupatikana kwa kugawanya tungamo la kitu, ambalo ni kiasi cha maada yake kinachopimwa kwa kilo, kwa ujazo wake, ambao ni nafasi inayokaliwa na kitu hicho na hupimwa kwa mita za ujazo. Hesabu ni nyepesi kiasi kwamba wengi huikariri pasipo kuona ugeni wake: vipimo viwili vinavyokua pamoja kadiri kitu kinavyoongezeka huzaa kipimo cha tatu ambacho hakikui kabisa. Glasi ya maji yaliyochotwa gatini na ziwa zima lililo nyuma ya glasi hiyo vina msongamano mmoja, ikiwa jotoridi ni moja na maji ni yale yale. Sifa hii basi haielezi kitu kina ukubwa gani, bali inaeleza maada ya kitu hicho ni ya aina gani, chembe zake zina tungamo gani na zimepangwa kwa kukaribiana kiasi gani. Mita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina takriban kilo 7,850. Ya maji yenye jotoridi la nyuzi 25 za Selsiasi ina kilo 997. Ya barafu ina kilo 917, na ndiyo maana barafu huelea katika maji yaliyoizaa.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki husimuliwa sana habari za Archimedes na bafu lake, na ni haki, kwa kuwa ndiye aliyeeleza kwamba kitu kilichotumbukizwa katika kimiminika husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kimiminika kilichosukumwa pembeni. Ni mara chache sana wanapoambiwa kwamba mwanazuoni al-Biruni, katika karne ya 11, alipima metali na vito kwa chombo chenye mrija ambao maji yaliyofurika yalitokea na kupimwa, au kwamba al-Khazini mwaka 1121 aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima, Mizan al-Hikma, juu ya mizani inayoweza kutenganisha dhahabu safi na iliyochanganywa. Kwa wasomaji ambao lugha yao imechota maneno mengi kutoka Kiarabu, neno "mizani" likiwa mojawapo, kunyamaziwa kwa mabwana hao ni upungufu wa mitaala usio na udhuru.

Bandari ya Port Bell ilianzishwa mwaka 1908 kando ya Ghuba ya Murchison, upande wa Luzira, kilomita chache kusini-mashariki ya kitovu cha Kampala, ikapewa jina la Hesketh Bell, aliyekuwa mtawala Mwingereza wa Uganda wakati huo. Tangu hapo kazi yake kuu imekuwa kupitisha chuma juu ya maji: kwanza meli za mvuke, kisha vivuko vilivyobeba mabehewa ya reli kwenda Mwanza na Kisumu. Kivuko cha namna hiyo huelea kwa kuwa kinachoshindana na maji si bamba la chuma peke yake, ni chuma pamoja na hewa yote iliyofungiwa ndani ya mwili wa meli, na tungamo la vyote viwili likigawanywa kwa ujazo wote ulio chini na juu ya mstari wa maji hutoa wastani ulio chini ya kilo 997. Meli kwa hiyo ni njia ya kukipunguzia chuma msongamano bila kubadili chuma chenyewe. Mei 2005 vivuko viwili vya Uganda, MV Kabalega na MV Kaawa, viligongana ziwani, na Kabalega ikazama. Uzito wa chuma chake haukuwa umeongezeka hata gramu moja. Kilichotokea ni kwamba maji yaliingia mahali palipokuwa na hewa, na wastani ukapanda ukavuka mpaka.

Hata hivyo si haki kuudai msongamano ujibu kila swali. MV Bukoba, iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, ilipinduka ikiwa bado na wastani mdogo kuliko wa maji. Kupinduka ni suala la uthabiti, yaani la mahali uzito ulipokaa, na meli yenye msongamano unaofaa inaweza kulala ubavu ikiwa mzigo wake umekaa juu mno. Msongamano ulirejea katika msiba huo baadaye: meli ilipokuwa imegeuka chini juu, ilishikiliwa na hewa iliyonaswa ndani yake, na bamba lake lilipotobolewa kwa nia ya kuwaokoa waliokuwa wakigonga kutoka ndani, hewa hiyo ilipata njia ya kutoka, na meli ikaenda chini. Katika historia ya ziwa hili hakuna somo la fizikia lililolipiwa kwa bei kubwa kama hilo.

Baharia wa Mombasa angeona jambo jingine gatini Port Bell. Maji ya bahari, kwa ajili ya chumvi iliyoyeyuka ndani yake, yana takriban kilo 1,023 katika mita ya ujazo kwa jotoridi la pwani. Meli yenye tungamo la tani 1,000 ingelazimika kusukuma pembeni karibu mita 25 za ujazo zaidi katika ziwa kuliko katika bahari, maana yake ingezama chini kidogo zaidi bila kuongezewa hata kifurushi. Kwa sababu hiyo alama za mzigo ubavuni mwa meli za bahari, ambazo Samuel Plimsoll aliipigania sheria yake katika Bunge la Uingereza hadi mwaka 1876, huwa na mstari wa pekee kwa maji baridi ya ukanda wa joto. Meli za ziwani hazina haja ya mistari miwili. Zile za kwanza za mvuke, kama SS Winifred, zilisafirishwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu, na tangu ziliposhushwa majini hazikuyajua maji ya chumvi.

Mahali ambapo msongamano hupimwa kwa makini zaidi Port Bell si gatini, ni kiwandani. Bia imekuwa ikitengenezwa hapo tangu katikati ya karne ya 20, na bia ya Bell ilichukua jina lake kutoka kwa bandari. Kazi ya mtengenezaji wa bia, ukiiondolea harufu na mvuke, ni kufuatilia namba moja inayoshuka. Kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, hulowekwa katika maji ya moto mpaka wanga wake ugeuke sukari, na sukari ikiyeyuka huongeza tungamo la maji kuliko inavyoongeza ujazo wake, hivyo juisi ya kimea huwa na msongamano wa, tuseme, mara 1.048 ya ule wa maji. Humo hutumbukizwa haidromita, kichupa cha kioo kilichotiwa risasi kitakoni na chenye shingo nyembamba iliyochorwa mistari, ambacho huelea wima na kuzama zaidi kadiri juisi inavyokuwa hafifu. Msomaji wake huinama mpaka jicho lilingane na uso wa kimiminika, huupuuza ule ukingo mdogo ambao juisi hujivuta nao kwenye kioo, husubiri mapovu yaliyokishika chombo yapasuke, kwa kuwa povu moja lililonata linatosha kukiinua na kudanganya, kisha husoma.

Hamira ikishatiwa hula sukari na kutoa alkoholi na hewa ya ukaa. Hewa hiyo huondoka. Alkoholi hubaki, nayo ni nyepesi, kilo 789 tu kwa mita ya ujazo. Namba hushuka siku hadi siku, na ikituama karibu na 1.010 kazi imekwisha. Tofauti kati ya namba ya kwanza na ya mwisho, 0.038, ikizidishwa kwa 131, hutoa makadirio ya asilimia 5 ya alkoholi. Hakuna aliyeionja bia ili kuijua asilimia hiyo, wala hakuna kemikali iliyotumika. Kichupa kimeelea mara mbili, basi. Kwa pombe kali mambo huwa ya ajabu zaidi, kwani nusu lita ya alkoholi ikichanganywa na nusu lita ya maji haifiki lita moja, hupungua kwa zaidi ya asilimia 3. Tungamo hujumlishwa bila hasara, ujazo haujumlishwi, kwa kuwa molekuli za vimiminika viwili hukaa zikiwa zimebanana zaidi zikiwa pamoja kuliko kila kundi likiwa peke yake.

Samaki naye ana haidromita yake. Nyama na mifupa ya sangara, ambaye Waganda humwita mputa, vina msongamano unaouzidi wa maji kwa asilimia chache, na angezama kila anapoacha kuogelea kama si kibofu cha hewa kilicho chini ya uti wa mgongo, ambacho wafanyabiashara wa ziwani hukiita bondo na hukiuza ghali kuliko minofu. Akivuliwa kutoka kina cha mita 30, ambako kanieneo, yaani presha, ni zaidi ya mara 4 ya ile ya juu, hewa ya bondo hutanuka akivutwa, na samaki hufika mtumbwini tumbo likiwa limevimba. Magugumaji yaliyoifunga Port Bell katika miaka ya 1990 hata meli zikashindwa kupita yalielea kwa hila hiyo hiyo, vishina vyake vikiwa sponji iliyojaa hewa.

Ila msongamano wenye matokeo makubwa zaidi ni ule usioonekana kabisa, wa maji dhidi ya maji. Katika Ghuba ya Murchison yenyewe, ambayo sehemu yake ya ndani ina kina cha mita chache tu, upepo huyachanganya maji kwa urahisi. Nje ya ghuba, ambako ziwa hufika kina cha takriban mita 80, hali ni nyingine. Jack Talling, aliyepima ziwa kutoka Jinja mwaka 1960 na 1961, alionyesha kwamba kwa miezi mingi ya mwaka maji ya juu yenye joto hulala juu ya maji ya chini yaliyopoa kidogo, pasipo kuchanganyika. Tofauti ya jotoridi ni nyuzi 2 hivi. Mtu wa Ulaya aliyezoea maziwa ya nchi za baridi angeidharau, na angekosea, kwa sababu maji hutanuka kwa kasi zaidi kadiri yalivyo na joto: kati ya nyuzi 23.5 na 25.5 mita ya ujazo hupoteza nusu kilo, ilhali kati ya nyuzi 4 na 6 hupoteza gramu 32 tu. Nusu kilo hiyo, katika karibu tani nzima, inatosha kulitandika ziwa kama mikeka miwili, na oksijeni inayoingia kutoka hewani haifiki chini, ambako mabaki ya mwani na taka za miji huoza na kuimaliza iliyopo. Maji hayo ya chini yakisukumwa juu ghafla na dhoruba, samaki hufa kwa wingi na kutapakaa ufukweni, na watu hushuku sumu.

Juni na Julai kusi hupiga, maji ya juu hupoa kwa kuvukiza, tofauti ya msongamano hufutika, na ziwa huchanganyika hadi chini. Kufikia Septemba jua huanza tena kuyapasha moto maji ya juu, na ile nusu kilo hurudi mahali pake.